Ufutaji wa kioo cha mbele cha gari

Ufutaji wa kioo cha mbele cha gari ni kazi ya kuondoa maji, vumbi, tope na mafuta kwenye kioo kilicho mbele ya dereva ili aone barabara vizuri. Kazi hiyo hufanywa na waipa (pia: wipa, kifuta kioo) zikisaidiwa na maji yanayorushwa kutoka tangi dogo lililo chini ya boneti. Kioo kinaposhindwa kufutika, dereva huona mistari, ukungu au mng'ao badala ya barabara, hasa usiku na wakati jua liko chini.

Watu wengi hununua waipa mpya mara tu wanapoona kioo hakitakati. Lakini mpira wa waipa ni chanzo kimoja tu kati ya vitano. Vingine ni uso wa nje wa kioo, mkono wa waipa, maji ya kuoshea na upande wa ndani wa kioo. Mpira mpya ukipita juu ya kioo chenye utando wa mafuta huacha ukungu uleule ulioachwa na mpira wa zamani. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni kutambua chanzo, na hatua ya pili ndiyo kununua kitu kama kinahitajika.

Makala hii inaeleza tatizo hilo na utatuzi wake, hasa katika jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru nchini Tanzania, ambako vumbi la volkeno, ukungu, mvua na maji yenye chumvi nyingi hukutana katika safari moja.

## Historia

Magari ya kwanza hayakuwa na waipa. Dereva alisimama na kufuta kioo kwa kitambaa, au alikifungua na kutazama nje. Mwaka 1903 Mary Anderson, mkazi wa jimbo la Alabama nchini Marekani, alipewa hataza ya kifaa cha kufutia kioo kilichoendeshwa kwa mkono kutoka ndani ya chombo cha usafiri. Mwaka 1917 John R. Oishei alianzisha huko Buffalo, New York, kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Trico, ambayo ilieneza waipa za mpira. Mwaka 1926 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza waipa zinazoendeshwa kwa mota ya umeme. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Robert Kearns alibuni waipa zinazopumzika kidogo kati ya mfuto mmoja na mwingine, zinazofaa wakati wa manyunyu.

Kioo chenyewe pia kilibadilika. Mfaransa Édouard Bénédictus alipata hataza ya kioo cha tabaka mwaka 1909. Kioo cha mbele cha magari ya leo ni vipande viwili vya kioo vilivyogandishwa pamoja kwa karatasi nyembamba ya plastiki katikati. Kikipigwa na jiwe hupata ufa lakini hakimwagiki vipande vipande kama vioo vya milangoni.

## Muundo na jinsi zinavyofanya kazi

Waipa za mbele huwa na sehemu zifuatazo:

* Mota ya umeme, ambayo kwa kawaida iko chini ya kioo, karibu na boneti.
* Vyuma vya kuunganisha vinavyogeuza mzunguko wa mota kuwa mwendo wa kwenda na kurudi.
* Mkono wa chuma wenye springi inayoukandamiza mpira juu ya kioo.
* Fremu inayoshika mpira na kugawa mgandamizo kwa urefu wote.
* Mpira, wenye ukingo mwembamba unaogusa kioo.
* Tangi, pampu na vitundu vya kurushia maji.

Ukingo wa mpira ndio unaofanya kazi yote. Waipa inapokwenda upande mmoja, ukingo hulala kwa nyuma kama mkia. Inaporudi, ukingo hupinduka na kulala upande wa pili. Mpira laini hupinduka mara moja na kuacha utando mwembamba wa maji ambao hukauka bila kuonekana. Mpira uliokauka haupinduki. Huburutwa kwa tumbo lake, ukiacha mistari au kurukaruka kwa mlio.

Ili ukingo upinduke sawasawa, fremu inapaswa kusimama wima juu ya kioo. Mkono uliopindika kidogo huulaza mpira upande mmoja, na waipa hufuta vizuri ikienda lakini huchafua ikirudi.

## Mazingira ya Arusha na Mlima Meru

Jiji la Arusha liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kusini-magharibi mwa Mlima Meru, volkeno yenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Mlima huo hugawa hali ya hewa katika pande mbili, na gari linalouzunguka hupita katika zote.

### Vumbi

Upande wa kaskazini na magharibi wa mlima haupati mvua nyingi. Barabara kuu ya kwenda Namanga hupita Ngaramtoni, Oldonyosambu na Longido katika nchi kavu yenye udongo wa majivu ya volkeno. Wakati wa kiangazi vumbi hilo hupanda juu ya magari, hasa kwenye barabara za changarawe zinazoingia vijijini, na pia upande wa Ngarenanyuki kaskazini-mashariki mwa mlima.

Chembe za vumbi la volkeno zina kingo kali, na baadhi yake zina ugumu unaokaribia ule wa kioo. Dereva anayewasha waipa juu ya kioo kikavu chenye vumbi huugeuza mpira kuwa msasa. Chembe hujichimbia katika ukingo wa mpira, kisha huchora mstari uleule juu ya kioo kila waipa inapopita. Mikwaruzo hiyo haionekani mchana, lakini usiku taa za gari linalokuja huifanya ing'ae kama nyuzi za buibui.

Magari ya utalii yanayokwenda Ziwa Natron hukutana na vumbi la aina nyingine. Lava na majivu ya Ol Doinyo Lengai, volkeno iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, ni ya alkali kwa sababu yana kabonati ya sodiamu. Vumbi la alkali likilowa na kukaa juu ya kioo kwa muda mrefu linaweza kuuharibu uso wake. Gari lililotoka huko lioshwe kwa maji mengi mapema iwezekanavyo.

### Mvua na ukungu

Upande wa kusini na mashariki, kuanzia Tengeru na Usa River hadi vijiji vya mlimani vyenye migomba na kahawa, hupata mvua zaidi. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei na za vuli kwa kawaida Novemba na Desemba. Juni na Julai ni miezi ya baridi, na asubuhi nyingi huanza na mawingu mazito na manyunyu.

Manyunyu ni magumu kuliko mvua kubwa. Mvua kubwa huosha kioo yenyewe, lakini manyunyu hulowesha vumbi bila kuliondoa, na waipa hulitandaza kuwa tope jembamba. Vivyo hivyo mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua mafuta, masizi na unga wa matairi uliokaa barabarani kwa miezi, na magari yaliyo mbele huurusha mchanganyiko huo juu ya kioo.

### Jua

Barabara ya Arusha kwenda Moshi huelekea mashariki kwa sehemu kubwa. Anayetoka Arusha asubuhi hulitazama jua linalochomoza, na anayerudi jioni hulitazama jua linalozama. Mwanga wa jua la chini hupiga kioo kwa mshazari na kuonyesha kila utando na kila mkwaruzo. Kioo kilichoonekana safi saa sita mchana kinaweza kuwa kama karatasi nyeupe saa kumi na mbili na nusu jioni.

Jua pia huharibu mpira. Mionzi yake huwa mikali zaidi katika nchi za mwinuko, na waipa hubaki zimelala juani hata gari lisipotumika. Kwa sababu hiyo mpira unaweza kukauka na kupasuka wakati wa kiangazi bila kufuta tone moja la mvua, na dereva hugundua siku mvua inaponyesha.

### Maji

Maji ya chemchemi na visima vingi vya miteremko ya Meru hupita katika miamba ya volkeno na kubeba bikabonati ya sodiamu na floridi. Floridi hiyo inajulikana kwa kuyatia meno ya wakazi rangi ya kahawia. Maji hayo yakikauka juu ya kioo huacha madoa meupe. Madoa hayo ni chumvi zilizobaki baada ya maji kuwa mvuke. Wako wanaodhani kwamba floridi ya maji ya bomba hula kioo, lakini kinacholika kioo kwa haraka ni asidi ya haidrofloriki, ambayo ni kitu tofauti na floridi kidogo iliyo katika maji ya alkali.

### Mafuta

Moshi wa malori ya dizeli huacha masizi yenye mafuta. Miti ya mijini, ikiwemo mijakaranda, hudondosha maua, na wadudu wanaonyonya utomvu wa miti hudondosha majimaji matamu yanayonata. Baadhi ya waosha magari hutumia dizeli au mafuta ya taa kung'arisha matairi na sehemu za chini, na matone hufika kwenye kioo. Nta ya rangi ya gari na dawa za kung'arisha dashibodi zenye silikoni nazo hufika kwenye kioo kupitia kitambaa kilekile kilichotumika mahali pengine.

## Kutambua chanzo

Majaribio matatu mepesi hutosha kutambua chanzo mara nyingi. Hayahitaji kifaa chochote zaidi ya maji safi na kitambaa.

Jaribio la kidole. Kioo kikiwa na ukungu, pitisha kidole upande wa ndani. Kidole kikiacha alama wazi, ukungu uko ndani na waipa hazihusiki.

Jaribio la maji. Osha kioo, kisha mwagia maji safi polepole kutoka juu. Maji yakitandaa kama shuka moja, kioo ni safi. Yakijikusanya kuwa matone au kuacha mabaka makavu, kioo kina mafuta, nta au silikoni. Gari ambalo kioo chake kimepakwa dawa ya kufukuza maji kwa makusudi nalo litaonyesha matone, kwa hiyo dereva akumbuke kama dawa hiyo iliwahi kupakwa.

Jaribio la kubadilishana. Angalia kama uchafu unabaki mahali palepale. Mstari unaobaki palepale baada ya mpira kufutwa vizuri unatokana na kasoro ya mpira au mkwaruzo wa kioo. Zima waipa na utazame. Mkwaruzo hubaki hata kioo kikiwa kikavu, lakini mstari wa maji hukauka na kupotea.

Jedwali hili linaonyesha dalili za kawaida:

| Dalili | Chanzo kinachowezekana | Hatua ya kwanza |
|---|---|---|
| Mistari myembamba | Chembe au mpasuko katika ukingo wa mpira | Futa ukingo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni |
| Ukungu unaotokea baada ya kila mfuto na kukauka polepole | Utando wa mafuta juu ya kioo | Osha kioo kwa sabuni, kisha spiriti |
| Eneo pana lisiloguswa | Springi dhaifu, fremu iliyopinda, au mpira usiolingana na mviringo wa kioo | Kagua mkono na fremu |
| Hufuta ikienda, huchafua ikirudi | Mpira umekauka na kulala upande mmoja, au mkono umepinda | Badilisha mpira, kisha pima mkono |
| Kurukaruka na mlio | Nta juu ya kioo, mpira mkavu, au mkono uliopinda | Safisha kioo kwanza |
| Mng'ao usiku au jua likiwa chini, kioo kikiwa kikavu | Mikwaruzo, vishimo vya mawe, au utando wa ndani | Safisha ndani, kisha kagua mikwaruzo |
| Mota inalia, waipa haisogei | Nati ya mkono imelegea | Kaza nati |
| Kimya kabisa | Fyuzi, swichi, rilei au mota | Kagua fyuzi |

## Utatuzi

### Kusafisha upande wa nje

Vumbi liondolewe kwa maji mengi kabla ya kitambaa kugusa kioo. Mtu anayeanza kwa kitambaa kikavu husugua chembe za volkeno juu ya kioo. Baada ya hapo hufuata hatua hizi:

1. Nyanyua waipa na weka taulo iliyokunjwa juu ya kioo. Mkono ukiponyoka, springi huurudisha kwa nguvu inayoweza kupasua kioo.
2. Osha kioo kwa maji na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa sponji laini ambayo haijatumika kwenye matairi au injini.
3. Suuza hadi povu liishe. Sabuni iliyobaki ni utando mwingine.
4. Rudia jaribio la maji. Kama matone yanabaki, futa kwa spiriti kwenye kitambaa safi, sehemu ndogo kwa wakati mmoja, ukigeuza kitambaa mara kwa mara. Spiriti isimwagike kwenye rangi ya gari, na kazi ifanyike mbali na moto.
5. Kama kuna madoa meupe ya chumvi yasiyoondoka kwa maji, tumia siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha suuza.
6. Kausha kwa kitambaa safi.

Utomvu na wadudu waliokauka hulainishwa kwanza kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika chache. Kisu, msasa na stilwaya ya kusugulia sufuria havifai, kwa sababu huacha mikwaruzo isiyoondoka.

### Kusafisha na kukagua mpira

Futa ukingo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mpaka kitambaa kisitoke na weusi mwingi. Weusi kidogo ni wa kawaida, kwa kuwa mipira mingi hupakwa grafiti ili iteleze. Kisha pitisha kidole taratibu. Ukingo mzuri ni laini, mnyoofu na unarudi ukikunjwa. Wenye meno, nyufa au uliolala upande mmoja ubadilishwe.

Kupaka mpira grisi, mafuta ya kupikia au mafuta ya injini ili "ulainike" huongeza tatizo. Mafuta hayo huhamia kwenye kioo, na mpira nao huvimba na kuharibika.

### Mkono na fremu

Simamisha waipa katikati ya safari yake na utazame kutoka ubavuni. Fremu inapaswa kusimama wima juu ya kioo. Kama imelala, mkono umepinda, mara nyingi kwa sababu waosha gari waliuvuta vibaya. Fundi anaweza kuunyoosha kwa koleo mbili bila kuvunja kiungo. Springi iliyochoka au iliyojaa vumbi husababisha mpira kuelea, hasa gari linapokwenda kasi na upepo kuuinua. Kiungo cha springi kisafishwe na kutiwa tone la mafuta mepesi, kwa uangalifu yasidondokee kioo.

### Tangi na vitundu vya maji

Vitundu vilivyoziba husafishwa kwa pini nyembamba. Kama pampu inalia lakini maji hayatoki, kagua mrija uliochomoka na uchafu katika chujio la tangi. Sabuni ya unga isitiwe kwenye tangi, kwa kuwa hubaki chini kama ute na kuziba vitundu. Matone machache ya sabuni ya maji yanatosha.

Katika maeneo ya Meru maji ya mvua yanafaa zaidi kwa tangi la waipa kuliko maji ya kisima, kwa sababu hayana chumvi za miamba. Maji ya mwanzo kutoka kwenye bati yaachwe yapite, kwa kuwa hubeba vumbi la paa. Arusha mjini hakuna barafu barabarani, kwa hiyo dawa ya kuzuia maji kuganda haihitajiki kwa matumizi ya kawaida.

### Upande wa ndani

Utando wa ndani husahaulika mara nyingi. Plastiki ya dashibodi ikipata joto la jua hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo kama mafuta. Moshi wa sigara na vumbi huongeza unene wake. Utando huo hushika unyevu wa pumzi, na ndiyo sababu daladala iliyojaa abiria asubuhi ya Julai hufunga ukungu kwa dakika chache.

Kioo cha ndani hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo au dawa ya vioo, kisha hukaushwa kwa kitambaa cha pili kikavu. Wengi hutumia gazeti kwa hatua ya mwisho. Ni vyema kufuta nje kwa mistari ya wima na ndani kwa mistari ya ulalo. Alama ikibaki, mwelekeo wake utaonyesha iko upande gani.

Ukungu wa pumzi huondolewa kwa kuelekeza hewa kwenye kioo na kuwasha kiyoyozi, ambacho hukausha hewa hata kikitumika pamoja na hita. Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizimwe ili hewa ya nje iingie. Gari lisilo na kiyoyozi lifunguliwe madirisha kidogo. Kufuta kwa kiganja huacha mafuta ya ngozi na kufanya ukungu urudi haraka zaidi mahali hapo.

### Mikwaruzo na vishimo

Mkwaruzo usiohisiwa kwa ukucha unaweza kupunguzwa na fundi wa vioo kwa unga wa oksidi ya seriamu na sponji ya kung'arishia. Unaohisiwa kwa ukucha hauondoki bila kukipindisha kioo, na kioo kilichopindishwa huonyesha barabara ikiyumba. Vishimo vidogo vya mawe kutoka barabara za changarawe vinaweza kujazwa gundi maalumu kabla havijawa ufa. Kioo chenye mikwaruzo mingi mbele ya macho ya dereva hubadilishwa.

### Waipa zisizosogea

Kama waipa moja inasogea na nyingine imesimama, tatizo mara nyingi ni nati iliyolegea chini ya kifuniko kidogo kwenye mzizi wa mkono. Kama zote zimesimama na hakuna sauti, kagua fyuzi ya waipa kwanza. Fyuzi mpya ikiungua tena, usiweke yenye ampea kubwa zaidi. Kuna kitu kinachokwamisha mota au waya uliogusana, na fundi umeme anahitajika.

## Kuchagua mpira

Mipira huuzwa kwa urefu wa inchi. Katika magari mengi waipa ya dereva, ambayo nchini Tanzania iko kulia, ni ndefu kuliko ya abiria. Mpira mrefu mno hugonga wa pili au ukingo wa kioo, na mfupi huacha eneo lisilofutwa. Njia ya uhakika ni kupima uliopo kabla ya kwenda duka la spea, pamoja na kuangalia aina ya kishikio.

Kuna aina kuu mbili: yenye fremu ya chuma yenye viungo, na bapa isiyo na viungo. Yenye viungo ni nafuu na mpira wake peke yake unaweza kubadilishwa, lakini viungo hujaa vumbi na kukwama. Bapa haina mahali pengi pa kukaa vumbi, ila lazima mkunjo wake ulingane na kioo.

Unaponunua, bonyeza ukingo kwa kidole. Mpira uliokaa dukani au juani kwa muda mrefu huwa mgumu hata kama haujatumika. Kwa kawaida mpira hudumu kati ya miezi 6 na 12. Kwa Arusha wakati mzuri wa kukagua ni Februari, kabla ya masika, na tena Oktoba, kabla ya vuli.

## Usalama barabarani

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde. Kioo kikibaki na ukungu kwa sekunde 3 baada ya kila mfuto, gari limesafiri mita 66 dereva akiwa hajaona vizuri. Katika mita hizo kunaweza kuwa na kivuko cha wanafunzi, bodaboda isiyo na taa au ng'ombe wanaovuka barabara.

Nchini Tanzania Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali salama, na waipa ni kati ya vitu vinavyoangaliwa askari wa usalama barabarani wanapokagua magari.

Kioo kikishindwa kufutika njiani, dereva apunguze mwendo taratibu bila kufunga breki ghafla, awashe taa, kisha atafute mahali pana pa kuegesha nje ya barabara na kuwasha taa za tahadhari. Arushe maji kabla ya kuwasha waipa tena. Njia ya dharura inayojulikana na madereva wengi ni kupaka kioo cha nje kiazi mviringo kibichi kilichokatwa. Majimaji ya kiazi hufanya maji ya mvua yatandae badala ya kuwa matone. Njia hiyo husaidia kwa muda mfupi tu, kwa mwendo mdogo, hadi mahali salama pa kusimama.

## Maji machafu na mito

Maji ya kuoshea gari hubeba mafuta, masizi na sabuni. Mito inayoshuka kutoka Meru na kupita Arusha, kama Themi na Ngarenaro, hutumiwa na watu walioko chini kwa kumwagilia na kunyweshea mifugo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kioo kinaweza kusafishwa vizuri kwa ndoo moja ya maji, mahali ambapo maji hayo hayatiririki mtoni.

## Tazama pia

* Arusha (mji)
* Mlima Meru
* Ol Doinyo Lengai
* Usalama barabarani
* Kioo